Haki ya Bei: Farasi wa Mashindano Aliyekula Umri

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama akatutiishia, akatujaalia kutokana nao kipando na pambo, na akatukataza kula mali zetu baina yetu kwa njia za batili. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyejulikana kwa ukweli katika biashara kabla ya kupewa utume na baada ya kupewa, na ziwashukie jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mlio msikitini na mnaotusikiliza majumbani, khutba ya leo imetokana na barua. Mwenye kuiandika ni ndugu yetu ambaye asili yao ni Unguja na makazi yao ni Oman tangu siku za babu yake. Jina lake tumelihifadhi. Anasema kuwa anaye farasi mwenye umri wa miaka 17, aliyekuwa akishindana katika michezo ya kuruka viunzi, yaani vile vizuizi vya miti vinavyopangwa uwanjani. Alimnunua miaka minane iliyopita kwa riyali 5,000. Wameshinda pamoja, wameanguka pamoja, na watoto wake wamekua wakimlisha farasi huyo kwa mikono yao. Sasa binti yake mkubwa amepata nafasi ya masomo ya juu na ada inatakiwa. Na farasi naye hawezi tena viunzi virefu, kwa kuwa mguu wake wa mbele wa kulia uliumia kano miaka mitatu nyuma.

Wanunuzi wamejitokeza wawili. Wa kwanza ni baba anayemtafutia mwanawe wa kike wa miaka 13 farasi wa kujifunzia. Mtu huyu hajui farasi. Ajualo ni kuwa farasi huyu ana vikombe. Dalali amemnasihi mwenye barua amtajie bei ya riyali 4,000, aviweke vikombe na picha mahali vitakapoonekana, na asiutaje ule mguu mpaka aulizwe. Wa pili ni mtu asiyeieleza haja yake. Yeye ametoa riyali 600 taslimu, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ndugu yetu anauliza: bei ya haki ni ipi?

Huenda baadhi yenu mkasema, sisi na farasi wapi na wapi? Ni kweli kwamba Nairobi uko uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, na Lamu punda hushindanishwa siku za Maulidi. Lakini wengi wetu farasi tumemwona kwa mbali. Hata hivyo, aliyepata kuuza ngalawa kuukuu iliyokuwa ikisifika kwa mwendo ataielewa barua hii neno kwa neno. Watu hulipia sifa ya tanga la zamani, wakaenda kuzama kwa ubao uliooza leo. Na tuseme mapema kuwa kamari inayochezwa juu ya mbio ni haramu, na wala hatuizungumzii hapa. Ndugu yetu hakuuliza juu ya kamari, bali juu ya bei.

Kushindanisha farasi kwenyewe si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofundishwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, masafa ya maili tano au sita, na wasiofundishwa akawashindanisha kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja. Ibn Umar alikuwa miongoni mwa washindani siku ile, na katika mapokezi ya Imam Muslim anasimulia kuwa alitangulia, na farasi wake akaruka naye hapo msikitini. Wafafanuzi wanaeleza kuwa ukuta ulikuwa mfupi. Angalieni namna mashindano yenyewe yalivyopangwa kwa uadilifu: kila farasi alipewa masafa kwa kadiri ya uwezo wake, wala asiyefundishwa hakutwishwa maili sita.

Na alikuwa Mtume (S.A.W.) na ngamia jike aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Jambo lile likawa zito kwa Waislamu, mpaka likaonekana nyusoni mwao. Mtume akawaeleza kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu katika dunia ila hukishusha. Hakukasirika, wala hakutafuta udhuru kwa ajili ya mnyama wake. Muuzaji wa farasi aliyekula umri anaihitaji hadithi hii kabla hajafungua kinywa kutaja bei, kwa sababu kinachompotosha aghlabu si tamaa peke yake. Humpotosha kumbukumbu. Anapomtazama farasi wake humwona yule wa miaka kumi, akiwa hewani juu ya kiunzi, na watu wanapiga makofi. Mnunuzi hatampanda farasi huyo wa miaka kumi. Atampanda huyu aliye zizini.

Basi tuseme jambo lililo msingi wa jibu letu. Bei ya haki ya farasi huyu ni bei ya kazi anayoiweza leo, kwa huyu anayemnunua, na kwa miaka anayotarajiwa kuifanya kazi hiyo, baada ya kasoro zake zote kuwekwa wazi. Vikombe ni ushahidi kuwa alifundishwa vizuri, na vina haki ya kuonyeshwa kwa maana hiyo. Lakini havirukishi farasi.

Kwa upande wa pili, isidhaniwe kuwa umri peke yake ni aibu. Farasi akitunzwa huweza kuishi miaka 25, na wengine hufika 30. Katika michezo ya Olimpiki farasi wa kuruka viunzi haruhusiwi kabisa kuingia uwanjani kabla ya kutimia miaka 9, na mwaka 2016, kule Rio de Janeiro, farasi aliyeshinda nishani ya dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika kuruka viunzi, jina lake Big Star, alikuwa na miaka 13. Tena mzee aliyeshindana miaka mingi ana elimu ambayo kijana hana. Amezizoea kelele, bendera, magari na umati. Mpandaji mwanagenzi akikosea kuvuta hatamu, yeye hutulia na kumsubiri. Mtoto anayejifunza huhitaji farasi aliyekwisha kujua. Kwa hiyo mnunuzi anayekuja na neno moja tu, kwamba huyu ni mzee, akitaka apewe kwa thamani ya ngozi, naye anapunja. Mwenyezi Mungu ametukataza, kwa ulimi wa Nabii Shuaibu katika Sura ya Al-Aaraf, tusiwapunguzie watu vitu vyao. Wengi wetu tunaisoma aya ile tukimfikiria muuza duka na mizani yake, tukasahau kuwa mnunuzi huweza kukipunguza kitu cha mwenziwe kwa ulimi bila ya kugusa mizani.

Sasa tuuangalie ule mguu, kwani hapo ndipo penye shida.

Farasi hubeba sehemu kubwa ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na anaporuka kiunzi hutua kwa miguu hiyo hiyo. Kano iliyo nyuma ya muundi ikichanika hupona, lakini hupona kwa kovu; haiwi tena na mnyumbuko wake wa asili, na kuumia mara ya pili mahali pale pale ni jambo linalotokea mara nyingi. Farasi wa namna hii huweza kutembea, kukimbia kwa kiasi na kuruka viunzi vifupi kwa miaka, akiwa na mpandaji mwenye busara. Lakini akipelekwa juu ya viunzi virefu na mtu asiyejua habari yake, huenda kano ikakatika wakati wa kutua, naye akaanguka. Na juu ya mgongo wake, kwa mujibu wa barua hii, atakuwa mtoto wa miaka 13. Ndugu zangu, ushauri wa yule dalali hauhusu riyali tu. Unahusu shingo ya mtoto wa watu.

Wafanyao biashara ya farasi wana hila za kale na za kisasa. Zamani umri ulijulikana kwa meno. Farasi hukamilisha meno yake ya ukubwa akiwa na kiasi cha miaka mitano, na baadaye vishimo vilivyo juu ya meno ya mbele husagika mpaka vikatoweka. Basi madalali waovu walikuwa wakichonga vishimo vya bandia na kuvichoma kwa chuma cha moto, ili mzee aonekane kijana. Wengine walipaka rangi nywele nyeupe za usoni. Siku hizi farasi aliyesajiliwa ana kitabu chake chenye mwaka wa kuzaliwa, tena aghlabu hutiwa chini ya ngozi ya shingo kifaa kidogo cha kumtambulisha, na hila ya umri imekuwa ngumu. Hila imehamia kwenye maumivu. Farasi anayechechemea hupigwa sindano au hutiliwa unga katika chakula, dawa ya kutuliza maumivu kama ile iitwayo fenilibutazoni, akatembea mbele ya mnunuzi kama hana lolote. Na siku chache baada ya kupelekwa kwa bwana mpya, dawa ikiisha, mguu husema kweli.

Hukumu ya jambo hili twaijua tangu karne ya kwanza. Mtume (S.A.W.) alikataza kumwacha mnyama wa maziwa bila ya kukamwa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike, na aliyeuziwa hivyo akampa khiyari, akitaka amweke na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kuuficha mguu kwa sindano na kukijaza kiwele kwa kutokama ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj ambacho kimesomeshwa sana katika darasa za pwani yetu, ameyahesabu miongoni mwa aibu za kurudishia mnyama ukaidi wake anapopandwa na tabia ya kuuma. Kisha akaweka kipimo, kwamba aibu ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake hata kikaikosesha haja iliyo sahihi, ikiwa desturi ya jinsi ile ni kusalimika nacho. Tukikipima kipimo hiki kwa farasi wetu, nywele nyeupe si aibu, kwani farasi wa miaka 17 desturi yake ni hiyo. Kupunguka kwa mbio zake si aibu pia. Kano iliyochanika ni aibu, na kuificha ni ghishi.

Dalali anaweza kusema: muuze basi kama alivyo, useme kuwa hudhamini lolote. Maneno haya yanatumika sana, na wengi hudhani kuwa yanafuta kila kitu. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi wamelifafanua. Muuzaji akishurutisha kuwa amejivua na aibu zote, sharti lile humwokoa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Aibu iliyo dhahiri halimwokoi, wala halimwokoi katika ile anayoijua akanyamaza. Wameikhusisha ruhusa hii kwa wanyama kwa kuwa mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na ni shida kumjua yaliyo ndani yake. Huu ni uadilifu mkubwa. Ndugu yetu hatadaiwa kwa ugonjwa wa moyo ambao hata daktari hakuusikia. Lakini mguu anaujua, kwa kuwa ameununulia dawa miaka mitatu.

Na hapa inafaa tuisikilize habari ya Wathila bin Al-Asqai (R.A.), iliyotajwa na Imam Ghazali katika Ihyaa. Wathila alikuwa amesimama sokoni, na mtu mmoja akauza ngamia kwa dirham 300. Wathila alikuwa ameghafilika. Alipozindukana mnunuzi alikwisha ondoka na mnyama wake. Akamkimbilia nyuma, akimwita kwa sauti. Alipomfikia hakuanza kwa kumwambia aibu. Alimwuliza kwanza: umemnunua kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya kupanda? Yule akajibu kuwa ni kwa kupanda. Ndipo akamfahamisha kuwa katika unyayo wa ngamia ameona tundu, na kwamba hatavumilia mwendo mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirham 100. Muuzaji alimlaumu Wathila kwa kumharibia biashara yake, naye akamjibu kuwa walikuwa wamembai Mtume juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Lizingatieni swali lile. Tundu la unyayo halipunguzi chochote katika nyama. Kwa mwenye safari linapunguza theluthi ya bei. Aibu ile ile, mnyama yule yule, na thamani zinatofautiana kwa haja ya mnunuzi. Kwa hiyo muuzaji wa farasi mzee hawezi kuijua bei ya haki akiwa peke yake zizini. Sharti amwulize anayenunua: unamtakia nini? Mwenye kumtaka kwa viunzi vya mita moja na nusu aambiwe waziwazi kuwa huyu hafai kwake hata kwa bei ya bure. Mwenye kumtaka kwa mtoto anayeanza, atakayekwenda naye taratibu na kuruka vifupi, huyo ndiye mtu wake.

Upande wa mnunuzi nao una mfano wake, na ni wa farasi hasa. Jarir bin Abdillah Al-Bajali (R.A.) alimtuma mtumishi wake amnunulie farasi. Mtumishi akapatana na mwenyewe kwa dirham 300, akamleta ili alipwe. Jarir alipomtazama farasi, akamwambia mwenye mali kuwa farasi wake ni bora kuliko bei ile, je, atamwuza kwa 400? Yule akakubali. Jarir akamtazama tena, akaongeza mia; kisha mia nyingine, mpaka akamlipa dirham 800. Alipoulizwa, alitaja bai ile ile aliyoitaja Wathila. Sisi wa leo tukisikia habari hii hucheka kidogo, tukasema yule alikuwa Sahaba. Naam, alikuwa Sahaba. Lakini farasi wake alikuwa farasi, na dirham zake zilikuwa dirham.

Turudi Oman. Ndugu yetu asiulize nirudishe vipi riyali 5,000 nilizotoa. Riyali hizo amezipanda mwenyewe kwa miaka minane. Zimekwisha katika furaha na mazoezi aliyoyapata. Wala asiipange bei kwa ada ya binti yake. Haja ya muuzaji haiongezi thamani ya farasi, kama ambavyo si halali kwa mnunuzi kuifanya haja ile kuwa kamba ya kumkabia. Hata mimi sitamtajia bei kutoka mimbarini, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipoombwa awawekee watu bei wakati wa ughali, alijizuia, akachelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa yuko mtu anayemdai dhulma. Faida haikuwekewa mpaka. Urwa Al-Bariqi alipewa na Mtume dinari moja anunue mbuzi, akanunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Urwa huyu huyu, aliyepokea hadithi ya kheri iliyofungwa katika mashungi ya farasi, alionekana nyumbani kwake wamefungwa farasi 70. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa uchamungu ni kuuza kwa hasara.

Njia ya kuijua bei tunaweza kuionyesha. Katika barua yake anasema kuwa watu wawili wenye ujuzi, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia kuwa farasi wa umri huu, mtulivu, aliyefundishwa, mwenye miguu mizima, anayefaa kwa mwanafunzi, huuzwa huko kwao baina ya riyali 2,000 na 2,400. Tuchukue kati, 2,200. Kisha awaulize watu hao hao: na akiwa na mguu kama huu, picha zake zikiwa mezani? Tuseme wamesema 1,650. Basi mguu umepunguza robo, na bei ni 1,650. Hesabu hii si ya kutungwa na sisi. Ndiyo hesabu ya fidia wanayoitumia wanasheria: hutazamwa thamani ya kitu kizima na thamani yake chenye aibu, na uwiano ule ndio unaoshushwa katika bei. Lau angemwuza kwa 2,000 bila ya kusema, na yule baba akaja kuujua mguu wakati ambapo kurudisha hakuwezekani, angestahili kurudishiwa robo, riyali 500. Ni afadhali robo hiyo itoke sasa, kwa mdomo wa muuzaji, kuliko itoke kesho mbele ya kadhi.

Mnunuzi naye aje na daktari wa wanyama wake mwenyewe, si yule anayemtibu farasi huyu kila siku. Daktari atausikiliza moyo. Atakunja mguu na kuushikilia kwa muda wa dakika moja hivi, kisha atataka farasi akimbizwe mara moja aone kama anachechemea. Atapiga picha za eksirei za viungo, na kano ataipima kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Akitoa damu ya kupimwa dawa, muuzaji asione ametukanwa. Na muuzaji aseme yasiyoonekana katika picha: dawa gani humpa baada ya kazi nzito, viatu vyake hubadilishwa kila baada ya wiki ngapi, na yote hayo humgharimu kiasi gani kwa mwaka. Baba yule akijua bei ya kununua bila ya kujua bei ya kumweka, bado amefichwa nusu ya habari.

Akitaka kumjaribu, sheria imempa nafasi. Khiyari ya sharti katika madhehebu yetu ni siku tatu, wala haizidi. Mwezi mzima ukitakiwa, na wakodishane kwanza kwa ujira ulio wazi, kisha wauziane. Baada ya kuuziana, mnunuzi akigundua aibu ya zamani, asikawie. Nawawi amesema kuwa akiendelea kumtumia, hata kumwachia tandiko lake mgongoni tu, haki yake ya kurudisha imebatilika. Amemsamehe yule tu anayelazimika kumpanda mnyama mkaidi kwa kuwa hakokoteki wala haswagiki. Vijana wanaosoma fiq-hi hushangaa kuona mwanachuoni aliyefariki mwaka 676 Hijria akishughulika na tandiko. Alishughulika nalo kwa sababu watu walikuwa wakigombana juu yake.

Wakishapatana, waandike, na washuhudishe. Mtume (S.A.W.) alipatana na bedui juu ya farasi, akawa anatembea kwenda kumlipa, watu wasiojua mapatano yale wakaanza kumwongezea bedui bei, naye akakana kuwa ameuza, mpaka Khuzaima bin Thabit akasimama kutoa ushahidi. Basi dalali akileta habari ya mnunuzi wa tatu anayetoa 3,000 baada ya mkono kutolewa, asisikilizwe. Na kama mnunuzi huyo hayupo, ametajwa tu ili bei ipande, hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa.

Limebaki neno moja katika barua, nalo ndilo lililoandikwa kwa mkono wa mtu mwenye huzuni. Anauliza kama anaweza kumwuza farasi kwa sharti kuwa mnunuzi asimwuze tena kwa mtu mwingine. Kwa madhehebu ya Shafi sharti hilo huharibu mkataba, kwa kuwa mwenye kumiliki ana haki ya kuuza. Lakini hakuna kinachomzuia kuchagua mnunuzi. Akiona nyumba yenye kivuli, maji na mtu mwenye huruma, akapunguza kutoka 1,650 mpaka 1,500 kwa ajili ya mnyama aliyemtumikia, hiyo ni hisani, na mali ni yake. Mtume (S.A.W.) aliingia katika shamba la mtu wa Kiansari, akamkuta humo ngamia aliyetokwa na machozi alipomwona, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwuliza bwana wake kama hamwogopi Mungu juu ya mnyama huyu, kwani amelalamika kuwa anamshindisha na njaa na kumchosha kwa kazi.

Kwa hiyo kwa yule baba aende leo, kabla dalali hajaenda, amweleze mguu kwanza na vikombe baadaye. Ama yule wa riyali 600 aliye na haraka, asimjibu ndiyo wala siyo mpaka amemwuliza swali la Wathila.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.